Umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili vya mikoani: jinsi ya kukokotoa mwenyewe

Ukiuliza mtandaoni umbali kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege, jibu linakuja papo hapo: kilomita kadhaa, na chini yake "muda wa kuruka". Namba ya kwanza kwa kawaida ni sahihi. Ya pili mara nyingi haina maana, kwa sababu programu imechukua kilomita zile ikazigawanya kwa mwendo wa jeti kubwa, kana kwamba ndege inatoka mlangoni ikiwa na kasi yake yote na kusimama ghafla juu ya uwanja wa pili. Safari ikiwa ya saa kumi, kosa hilo halionekani. Safari ikiwa ya kilomita mia tano, linaweza kuwa nusu ya safari yenyewe.

Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua, kuanzia majira-nukta ya viwanja (namba za latitudo na longitudo zinazoonyesha mahali vilipo) hadi saa utakayoisoma ukutani ukishuka. Unachohitaji ni kikokotoo cha simu chenye kitufe cha "cos" (kosaini) na alama ya kipeuo cha pili. Mfano mkuu ni safari kati ya Aberdeen, Uskoti, na Bergen, Norway. Nimeuchagua kwa sababu njia hiyo moja ina kila mtego: iko mbali na ikweta, inavuka longitudo sifuri, ina upepo mkali, na viwanja vyake viwili havitumii saa moja.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni uwanja upi

Usitafute kwa jina la mji. Kuna Birmingham ya Uingereza na Birmingham ya Alabama, kuna San José ya Costa Rica na San Jose ya California, na mashine haitakuuliza unamaanisha ipi. Tafuta kwa herufi za uwanja. Zile tatu zilizo kwenye tiketi na lebo ya mzigo ni za IATA, chama cha mashirika ya ndege: ABZ ni Aberdeen, BGO ni Bergen. Zile nne wanazotumia marubani na waongoza ndege ni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga: EGPD na ENBR. Kwa viwanja vidogo herufi nne ndizo za kuaminika zaidi, maana herufi zake za mwanzo hukuonyesha eneo. Zote zinazoanza na HT ni za Tanzania, zinazoanza na HK ni za Kenya, na EN ni Norway. Ukiona herufi za mwanzo haziendani na nchi unayoitaka, umeshika uwanja wa watu wengine.

Jambo la pili ni kwamba uwanja si mji. Frankfurt-Hahn uko takriban kilomita 120 kutoka Frankfurt kwenyewe, na Beauvais, unaouzwa kama uwanja wa Paris, uko zaidi ya kilomita 80 kutoka katikati ya Paris. Ukipima umbali wa mji hadi mji halafu ukadhani ndio umbali wa ndege, unaweza kukosea kwa safari nzima ya basi.

Hatua ya pili: andika majira-nukta vizuri

Kila uwanja una nukta moja rasmi ya marejeo, mara nyingi karibu na katikati ya njia ya kurukia. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika huichapisha, na utaikuta hata kwenye ramani za mtandaoni na kamusi elezo. Kwa Aberdeen ni nyuzi 57, dakika 12, sekunde 9 Kaskazini, na nyuzi 2, dakika 11, sekunde 53 Magharibi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dakika hizo ni sehemu ya sitini ya uzi, si ya mia. Kuandika 57.12 ni kosa. Gawanya dakika kwa 60, gawanya sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha zote: 12 ÷ 60 ni 0.2, 9 ÷ 3,600 ni 0.0025, kwa hiyo latitudo ni 57.2025. Tofauti kati ya 57.12 na 57.2025 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ardhini ni zaidi ya kilomita 9.

Nafasi mbili baada ya nukta zinatosha kabisa kwa kazi yetu. Tunapata:

Aberdeen: latitudo 57.20, longitudo −2.20
Bergen: latitudo 60.29, longitudo 5.22

Angalia ile alama ya kutoa. Magharibi ya Greenwich, yaani longitudo sifuri, ni hasi, na Kusini ya ikweta ni hasi. Ukiisahau kwenye mfano huu, Aberdeen itahamia mashariki, ndani ya Bahari ya Kaskazini, na umbali utatoka kilomita 385 badala ya karibu 550. Jibu hilo halishtui mtu, na hiyo ndiyo hatari yake: linaonekana la kawaida kabisa. Kwa viwanja vya Afrika Mashariki mtego uko kwenye ikweta. Kisumu iko Kusini mwa ikweta kwa kiasi kidogo mno, Entebbe iko Kaskazini kwa kiasi kidogo mno, na alama moja ikisahaulika hakuna atakayegundua kwa kuangalia tu.

Hatua ya tatu: kokotoa umbali

Kwa masafa mafupi, tuseme chini ya kilomita elfu moja na mbali na ncha za dunia, huhitaji hesabu nzito za duara. Njia hii inatosha.

Kwanza, tofauti ya latitudo: 60.29 − 57.20 = 3.09. Kila uzi wa latitudo ni takriban kilomita 111.1 popote duniani. Kwa hiyo 3.09 × 111.1 = kilomita 343 kuelekea kaskazini.

Pili, tofauti ya longitudo: 5.22 − (−2.20) = 7.42. Usizidishe kwa 111.1 na kuishia hapo. Mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha za dunia kama vipande vya chungwa vinavyokutana kileleni, hivyo kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo uzi mmoja unavyopungua upana. Kwenye ikweta ni kilomita 111. Kwenye latitudo 60 ni nusu yake. Chukua wastani wa latitudo zako mbili, hapa ni 58.745, tafuta kosaini yake, utapata 0.519. Sasa 7.42 × 111.1 × 0.519 = kilomita 428 kuelekea mashariki.

Tatu, una pande mbili za pembetatu mraba, unatafuta ule wa tatu. 343 kwa 343, jumlisha 428 kwa 428, kisha kipeuo cha pili: takriban kilomita 549.

Nimeipima kwa kanuni kamili ya haversini, ile inayotumia duara la dunia lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, ikatoa 548. Tofauti ya kilomita moja. Hata hiyo haversini nayo inadhani dunia ni mpira kamili, ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha, jambo linaloweza kuleta tofauti ya hadi nusu asilimia hivi. Usihangaike na hilo. Makosa makubwa yako kwenye muda, tutayafikia.

Kama kikokotoo kilikuwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya nyuzi, kosaini itatoka namba ya ajabu. Jaribu kwanza cos ya 60: lazima ikupe 0.5. Na kama ulisahau kosaini kabisa, umbali wa Aberdeen na Bergen utatoka kilomita 893. Kwa mtu anayekokotoa Mwanza hadi Mombasa kosa hilo halina athari, kwa sababu wastani wa latitudo zake ni kama 3.2 na kosaini yake ni 0.998. Umbali ni kilomita 760 hivi ukiwa umeiweka au hukuiweka. Ndiyo maana aliyezoea ramani za karibu na ikweta hushangaa hesabu zake zikimvuruga anapohamia kaskazini.

Neno moja kuhusu maili, maana utakutana nazo. Hati za urubani na programu nyingi za ndege hutumia maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852 kamili. Maili ya barabarani ni 1.609. Njia yetu ni maili 296 za baharini au 341 za barabarani, na zote mbili huandikwa tu "maili". Ukiona namba bila maelezo, igeuze kwa njia zote mbili ulinganishe na hesabu yako ya kilomita, utajua ni ipi.

Hatua ya nne: ongeza njia isiyo nyoofu

Kilomita 549 ni mstari mfupi kuliko yote, na hakuna ndege inayoufuata kwa ukamilifu. Inaruka kwa kufuata mwelekeo wa njia ya kurukia, inageuka, inajiunga na njia yake ya angani, na mwisho inapangwa foleni kutua.

Njia za kurukia ndizo za kuangalia. Namba iliyopakwa mwanzoni mwa njia ni mwelekeo wake kwa nyuzi za dira, ukiondoa sifuri ya mwisho. Bergen ina 17 na 35, yaani nyuzi kama 170 na 350. Ni njia ileile ikitazamwa kutoka pande zake mbili. Ndege inayotoka Aberdeen inafika Bergen ikielekea kaskazini-mashariki. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, inatua kwenye 35: inatokea upande wa kusini, inageuka kushoto kiasi, inatua. Upepo ukivuma kutoka kusini, lazima itue kwenye 17, kwa hiyo inapita kando ya uwanja, inakwenda kaskazini, inageuka nusu duara na kurudi kutua. Abiria wa dirishani anauona uwanja ukipita chini yake na kudhani rubani amekosea. Dakika tano au zaidi huisha hapo, na hakuna kanuni ya umbali itakayokuambia.

Kwa safari za aina hii mimi huongeza kilomita 30 hadi 50 juu ya mstari mnyoofu. Watu wengi huongeza asilimia, lakini asilimia inadanganya kwenye njia fupi: mzunguko wa kutua ni uleule safari ikiwa ya kilomita 200 au 900. Kwa mfano wetu naweka 36, tunafika kilomita 585. Kama kuna eneo la kijeshi au mpaka usiopitika katikati, hiyo ni hesabu nyingine. Fungua ramani uone ndege halisi zinapita wapi.

Hatua ya tano: jua ni ndege gani

Bila aina ya ndege huna muda. Kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, bonyeza maelezo ya safari. Aina ya ndege huandikwa hapo kwa maneno au kwa kifupi kama AT7, DH4 au E90. Kasi za kawaida zikishatulia angani ni hizi, kwa kukadiria:

Cessna Caravan, ya injini moja: kilomita 310 kwa saa
ATR 72, ya panga (propela) mbili: kilomita 500
Dash 8-400, nayo ya panga lakini yenye nguvu zaidi: kilomita 650
Embraer 190, jeti: kilomita 830

Hizo ni kasi dhidi ya hewa. Kasi dhidi ya ardhi inategemea upepo, na huo tunauacha hadi hatua ya saba.

Hatua ya sita: gawa safari vipande

Hii ndiyo hatua ambayo kurasa nyingi za umbali huiruka, na ndiyo inayobeba ukweli wote kuhusu safari za mikoani. Safari ya ndege ina vipande vitano: kutoka maegeshoni hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda, kutulia (kuruka huko juu kwa kasi isiyobadilika), kushuka na kutua, kisha kutoka kwenye njia hadi maegeshoni. Kasi ya kwenye orodha ile ni ya kipande kimoja tu kati ya hivyo. Tuchukue ATR 72, ikiruka kwenye kimo cha mita 6,000 hivi.

Kupanda. Ndege hii hupanda kwa mwendo wa wastani wa kilomita 370 kwa saa, na huchukua kama dakika 18 kufika juu. Kilomita 110 zimeliwa.

Kushuka. Kanuni ya kichwani ya marubani, ukiigeuza kuwa mita, ni kwamba kila mita 300 za kushuka zinahitaji kilomita 5.5 za kwenda mbele. Mita 6,000 zinataka kilomita 110. Ongeza 20 za kupunguza mwendo, kushusha magurudumu na kujipanga na njia: kilomita 130, kwa wastani wa kilomita 410 kwa saa. Dakika 19.

Kutulia. Kinachobaki ni 585 − 110 − 130 = kilomita 345. Kwa kilomita 500 kwa saa ni dakika 41.

Jumla angani: 18 + 41 + 19 = dakika 78. Ungegawanya tu 549 kwa 500 ungepata dakika 66.

Sasa ardhini. Uwanja mdogo hauna msongamano, ila kuna kusukumwa nyuma au kugeuka, kuwasha injini, kusubiri ruhusa. Weka dakika 10 kabla ya kuruka na 5 baada ya kutua. Tumefika dakika 93, yaani saa 1 na dakika 33. Huo ndio muda unaolingana na ratiba, kwa sababu ratiba hupima tangu ndege inapoanza kusogea kutoka maegeshoni hadi inaposimama upande wa pili. Mashirika mengi huongeza dakika chache za akiba ili yasihesabiwe kuchelewa, kwa hiyo usishangae tiketi ikisema 1:40.

Ukiwa na haraka, kuna njia ya mkato: gawanya umbali mnyoofu kwa kasi ya ndege, ongeza nusu saa. Hapa ni 66 + 30 = dakika 96, karibu sana na hesabu ndefu. Mimi hutumia hii mara nyingi kuliko ile nyingine, na huirudia ile ndefu pale tu muda unapobana.

Nusu saa hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ndege za panga hazijafa kwenye njia fupi. Jeti ya kilomita 830 kwa saa ina kasi kuliko ATR kwa theluthi mbili. Lakini Aberdeen hadi Bergen ingetumia dakika 40 + 30 = 70, dhidi ya 96: imeokoa dakika 26. Kwenye njia ya kilomita 200, ATR ni dakika 54 na jeti ni 44. Dakika kumi, kwa mafuta mengi zaidi. Tena chini ya futi 10,000, yaani mita 3,000 hivi, nchi nyingi huweka kikomo cha mwendo cha maili 250 za baharini kwa saa, kama kilomita 460, na kwenye njia fupi jeti hutumia sehemu kubwa ya safari yake ndani ya kikomo hicho. Anayechagua ndege ya asubuhi kwa sababu tu ni jeti, kwenye masafa ya aina hii, atafaidika zaidi akiangalia ni ipi haina historia ya kuchelewa.

Kuna ukomo wa hesabu hii. Kupanda na kushuka kumekula kilomita 240. Kama njia yako ni fupi kuliko hapo, ndege haitafika mita 6,000 kabisa. Kwa kilomita 150 hadi 200, chukulia itaishia mita 3,000 hivi na utumie nusu ya umbali wa kupanda na wa kushuka. Chini ya kilomita 100, njia ya nusu saa nayo hupotosha. Mfano wa mwisho kabisa ni Westray na Papa Westray, visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti: viwanja viko umbali wa kilomita 2.7 hivi, ndege ndogo ya injini mbili huvuka kwa dakika mbili kasoro, na upepo ukiwa mzuri imewahi kuvuka chini ya dakika moja. Hapo soma ratiba tu.

Hatua ya saba: upepo

Kwenye latitudo za kati za kaskazini, upepo wa juu huvuma zaidi kutoka magharibi, na majira ya baridi huwa mkali. Aberdeen hadi Bergen mwelekeo ni kama nyuzi 50, hivyo upepo wa kusini-magharibi unaisukuma ndege kutoka mgongoni karibu kikamilifu.

Tuseme unavuma kwa kilomita 100 kwa saa. Kwenda, ndege iliyotulia inapita juu ya ardhi kwa kilomita 600 kwa saa, na zile kilomita 345 zinachukua dakika 34 na nusu. Kurudi, inapita kwa kilomita 400, na zinachukua dakika 52 kasoro kidogo. Bila upepo zilikuwa 41. Umepata dakika saba kwenda na kupoteza kumi kurudi. Upepo haufidii, hata uwe uleule siku nzima, kwa sababu ndege inakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo wa mbele kuliko ule wa nyuma. Kwa hiyo safari ya kwenda inakaribia dakika 86, ya kurudi 103. Nimegusa kipande cha kutulia tu. Kupanda na kushuka navyo huguswa, ila huko chini upepo kwa kawaida hupungua.

Upepo ukiwa wa ubavuni, usiuhesabu wote. Zidisha kasi yake kwa kosaini ya pembe iliyopo kati yake na mwelekeo wako. Ukikata njia kwa nyuzi 60, nusu tu ndiyo inayokusaidia au kukuzuia. Ukiikata kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90, hesabu inatoa sifuri, ingawa kiuhalisia ndege hupoteza kidogo kwa kulazimika kuelekeza pua upande wa upepo.

Karibu na ikweta upepo wa juu ni mpole zaidi. Kwa Mwanza na Mombasa unaweza kuruka hatua hii bila hasara kubwa. Kinachochelewesha ndege kule ni mawingu ya mvua ya alasiri yanayozungukwa.

Hatua ya nane: geuza kuwa saa za kwenye tiketi

Saa zote za tiketi ni za mahali ndege ilipo. Saa ya kuondoka ni ya uwanja wa kwanza, ya kufika ni ya uwanja wa pili. Norway iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na kwa kuwa nchi zote mbili hubadili saa zao kwa wakati mmoja Machi na Oktoba, tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima.

Ondoka Aberdeen 10:00, ndiyo saa nne asubuhi. Safari ya dakika 86. Unafika 11:26 kwa saa ya Aberdeen, ila ukutani Bergen panasomeka 12:26. Ukirudi 13:00 kwa dakika 103, unatua 14:43 saa ya Norway, lakini Aberdeen ni 13:43. Ukitoa tu namba za tiketi, kwenda kumechukua saa mbili na dakika 26, kurudi dakika 43. Mtu anaweza kuandika malalamiko kwa hesabu hiyo.

Njia salama ni kugeuza saa zote mbili kuwa saa ya dunia, UTC, kabla ya kutoa. Uwe mwangalifu na jozi za nchi ambapo moja hubadili saa na nyingine haibadili: Kenya na Tanzania ziko UTC+3 siku zote, kwa hiyo tofauti yao na London ni saa tatu majira ya baridi ya huko na saa mbili majira ya joto.

Kama hakuna ndege ya moja kwa moja

Ukurasa utakaokupa umbali kati ya viwanja viwili haukuahidi kwamba kuna ndege inayoruka kati yake. Viwanja vya mikoani vingi huunganishwa kupitia uwanja mkubwa, na hapo hesabu hubadilika sura.

Chukua tena Mwanza na Mombasa, safari hii kwa kupitia Nairobi, zote kwa ATR. Mwanza hadi Nairobi ni kilomita 461 hivi, Nairobi hadi Mombasa 423. Jumla 884, dhidi ya 760 za mstari mnyoofu. Umbali umeongezeka kwa asilimia 16 tu. Lakini muda: moja kwa moja ungekuwa dakika 91 + 30, saa mbili. Kwa vipande viwili ni 55 + 30, kisha 51 + 30, jumla dakika 166. Ongeza saa moja na nusu ya kusubiri katikati na umefika saa nne na robo. Ile nusu saa imelipwa mara mbili, na kusubiri kumeshinda vyote. Unapolinganisha njia mbili za kuunganisha, usijali ipi ina kilomita chache. Angalia pengo la katikati. Lisiwe fupi kuliko muda wa chini wa kuunganisha uliowekwa na uwanja huo, na kama unavuka mpaka au umenunua tiketi mbili tofauti, ongeza muda wa uhamiaji na wa kukabidhi mzigo upya.

Hatua ya mwisho: linganisha na ndege halisi

Hesabu ikishakamilika, ipime. Umbali unaweza kuuhakikisha kwa rula ya Google Earth au tovuti ya Great Circle Mapper, ambako unaandika herufi za viwanja viwili zikiwa na kistari katikati. Ikitofautiana na yako kwa zaidi ya asilimia moja, rudi kwenye alama za kutoa na kosaini.

Kwa muda, fungua tovuti ya kufuatilia ndege kama Flightradar24, andika namba ya safari, tazama siku zilizopita. Soma saa halisi ya kuruka na ya kutua. Hizo zinakupa muda wa angani pekee, kwa hiyo zilinganishe na ile 78, si na 93. Chukua siku kadhaa, upange dakika zake kuanzia ndogo hadi kubwa, uchague ya katikati. Wastani huvurugwa na siku moja ya ukungu. Halafu bonyeza siku iliyotofautiana na nyingine uangalie mstari wake kwenye ramani. Mara nyingi utaona ndege imezunguka upande wa pili wa uwanja kabla ya kutua, na dakika zilizozidi ziko palepale kwenye ule mzunguko.